Picha ya Marehemu ni Amana ya Nani?

Kijana ameikuta picha kwenye albamu ya bibi yake aliyefariki. Bibi ana miaka kama ishirini, amekaa upande kwenye kiti cha studio, nywele kasuka njia mbili na kuziacha wazi, mkono mmoja kauegemeza kwenye meza yenye redio. Kijana anaipiga kwa simu na kuitia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwa kuwa watu wameipenda, jioni anaipandisha Facebook. Binamu wa Maskati anaomba nakala, wa Toronto anauliza ilipigwa wapi, halafu shangazi wa Mombasa anatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, iondoe hiyo picha. Mama hakupata kutoka nje kichwa wazi maisha yake yote. Leo umemtoa wewe." Kijana anajibu kwa adabu: "Sawa shangazi, lakini bibi ameshatangulia mbele ya haki. Nani wa kumdhuru?"

Mabishano ya aina hii yanazikumba familia nyingi za pwani siku hizi, na kila upande una hoja. Kijana anataka bibi asisahaulike. Shangazi anataka bibi asivunjiwe heshima. Wote wawili wanampenda mtu yule yule. Swali lililo baina yao halijibiki kwa kubonyeza kitufe: mtu akishakufa, ana haki gani juu ya sura yake, na ni nani mwenye kuisimamia?

Picha hizo zina historia yake. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19, ikiwamo ya A. C. Gomes, mtu mwenye asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo watalii na wenyeji wanaijua hadi leo kwa picha za zamani zilizojaa kutani pale Kenyatta Road, Mji Mkongwe. Mombasa, N. V. Parekh alipiga picha maharusi, marafiki na vijana wa mjini kuanzia miaka ya 1940. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na kupata sifa kwa picha zake za kukata na kubandika. Kwa mwanamke wa Kiislamu wa enzi hizo, studio ilikuwa mahali pa pekee. Alifika na buibui lake, akalivua ndani, akapigwa kwa vipuli na mkufu wake, akalivaa tena na kurudi nyumbani. Picha ilipotoka haikutundikwa barazani. Alipewa shoga, dada, mume aliye safarini, au mama wa mchumba aliyetaka kumjua mkwe wake. Nyuma yake iliandikwa kwa wino jina la mpewaji, tarehe, na maneno mawili matatu ya ukumbusho.

Upande huo wa nyuma ndio unaosahaulika wakati wa kuskani. Picha ya kadi yenye kingo za meno meno, ukiigeuza, unakuta muhuri wa studio uliofifia, namba ya negativu iliyoandikwa kwa penseli, na mwandiko wa mwenyewe. Mwandiko huo ni kama hati ya amana: umetaja aliyetoa, aliyepokea, na mara nyingine sababu. Anayeskani uso wa picha na kuuacha mgongo amechukua sura na kuyaacha masharti yake.

Na hakuna wa kumlaumu kijana kwa haraka yake, kwa sababu picha zinakufa. Joto na unyevunyevu wa pwani huzitia ukungu. Albamu za gundi na plastiki zilizoenea miaka ya 1970 huzing'ang'ania picha hata zikachanika mtu akijaribu kuzibandua. Picha za rangi za zama hizo zimegeuka nyekundu au njano, huku zile za nyeusi na nyeupe za wazee wao zikiwa bado zinasomeka. Kisha kuna mtawanyiko wa watu wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi za Unguja ziliondoka. Wengine walikwenda bara, wengine Uingereza, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi wakahamia Oman. Harusi moja ikawa na picha tano katika nchi tatu. Bila mtandao, wajukuu hao wasingeuona uso wa babu yao mmoja kwa pamoja.

Mtu angedhani dini imeshalimaliza suala hili zamani, kwa kuwa Uislamu umezungumzia picha tangu mwanzo. Zipo hadithi katika Bukhari na Muslim zinazoeleza kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura, na kwamba wachongaji na wachoraji wa viumbe wenye roho wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyoviumba. Kamera ilipofika, wanazuoni waligawanyika. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akitetea kwamba picha ya kamera si kuumba bali ni kukizuia kivuli kilichokuwapo tayari. Wengine, akiwamo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, hawakuikubali hoja hiyo na wakaruhusu picha kwa dharura tu, kama ya pasi ya kusafiria. Kwa vitendo, Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wameifuata njia ya Mufti, hata wale ambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Lakini mjadala huo ulihusu kupiga picha. Shangazi wa Mombasa hakuuliza kama mama yake alikosea kwenda studio. Aliuliza ni nani sasa anayemtazama. Kwa swali hilo, mlango wa fiqhi unaofaa kubishwa ni mwingine kabisa: mlango wa jeneza.

Uislamu unamtendea maiti kama mtu ambaye heshima yake haikwisha. Mafundisho yanalinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja mfupa wa aliye hai. Maiti huoshwa akiwa amefunikwa, wanaume na wanaume wao na wanawake na wanawake wao, isipokuwa mke na mume, ambao madhehebu mengi yanawaruhusu kuoshana. Mwoshaji akiona kasoro mwilini haruhusiwi kutoka nayo nje. Hakuna anayesema kwamba marehemu hasikii aibu tena, kwa hiyo mlango uachwe wazi. Stara yake inabaki kuwa deni shingoni mwa waliopewa mwili wake. Ikiwa ndivyo kwa mwili utakaozikwa saa chache baadaye, kuna sababu gani ya kusema sura yake, itakayodumu mtandaoni miaka na miaka, haina mwenyewe? Wahenga walisema mwosha huoshwa. Kizazi kinachopandisha picha za bibi leo kimeacha picha zake maelfu kwenye simu, na wajukuu watazikuta.

Kwa hoja hii, shangazi ana haki. Tena sheria za kisasa hazimsaidii sana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotajwa kote duniani tangu ilipoanza kutumika mwaka 2018, inatamka wazi kwamba haiwahusu marehemu. Sheria inapoishia hapo, ulinzi unabaki mikononi mwa imani na desturi za watu.

Hata hivyo, desturi hazifanani. Kwa Wakristo wengi wa bara, picha ya marehemu hutangulia jeneza, huchapwa kwenye kijitabu cha ibada, na hurudi gazetini kila mwaka wa kumbukumbu. Familia inayomficha marehemu wake ndiyo itakayosemwa. Kwao, kuonekana ni heshima. Na hapa ndipo hoja ya kijana inapopata nguvu kutoka kwa mtu ambaye pengine hakumfikiria: Mchungaji John Mbiti, mwanateolojia kutoka Kitui, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kifo kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki mara moja katika sasa. Anabaki humo maadamu wapo walio hai waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina, kwa vizazi vinne au vitano hivi. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani na kuchanganyika na roho zisizo na majina. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika wameupinga vikali mtazamo wake kuhusu wakati, hasa dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na dhana ya mustakabali wa mbali. Lakini sehemu hii ya ukumbusho imewagusa wengi, kwa sababu kila mtu ameiona nyumbani kwao.

Je, hifadhi ya mtandaoni inamrefushia marehemu sasa yake? Jibu limo katika neno ambalo Mbiti alilisisitiza: jina. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya 1860 na 1960, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Ni hazina ya ajabu. Lakini wapiga picha wa zama za ukoloni waliuza pia postikadi za wanawake wa Unguja na Mombasa zenye maelezo ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, msichana wa Kiarabu, mrembo wa Zanzibar. Kila mmoja wao alikuwa binti wa mtu fulani, na yumkini ana vitukuu Malindi au Dubai. Sura zao zimehifadhiwa salama kuliko za bibi zetu wengi, na bado wao wamekwisha kuzama zamani, kwa sababu aliyewapiga hakuona haja ya kuwauliza majina. Kwa kipimo cha Mbiti, sura peke yake haimbakishi mtu.

Mfano mkali zaidi wa suala la nani mwenye picha umetoka Marekani. Mwezi Machi 1850, huko Columbia, South Carolina, mpiga picha Joseph Zealy aliwapiga picha watu kadhaa waliokuwa watumwa, kwa agizo la Louis Agassiz, profesa wa Harvard aliyetaka ushahidi wa nadharia yake ya ubaguzi wa rangi. Miongoni mwao walikuwamo Renty, aliyeandikwa kuwa mzaliwa wa Kongo, na binti yake Delia. Walivuliwa nguo. Picha zao zilisahauliwa hadi zilipogunduliwa tena mwaka 1976 kwenye dari la jumba la makumbusho la chuo hicho. Mwaka 2019 Tamara Lanier, anayesema Renty ni babu wa ukoo wake, aliishtaki Harvard. Mahakama ya Juu ya Massachusetts iliamua mwaka 2022 kwamba hakuwa na haki ya kumiliki picha hizo, ila ilimruhusu kuendelea kudai kwamba chuo kilimtia uchungu kwa jinsi kilivyomjibu. Mwaka 2025 pande mbili zilipatana, na Harvard ikakubali kuziachia picha hizo ziende jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi huko Charleston, katika jimbo lile lile zilikopigwa.

Kesi hiyo inaumiza kwa jambo moja zaidi. Majina ya Renty na Delia yamebaki kwa sababu waliandikwa kama mali, pamoja na shamba la aliyewamiliki. Sheria ilimpa picha mwenye kamera na aliyemlipa, na miaka 170 baadaye mahakama haikupata njia ya kuipa familia sehemu ya umiliki huo. Kilichozirudisha picha South Carolina ni mapatano, baada ya miaka sita ya mtu mmoja kukataa kunyamaza.

Pwani yetu haina sababu ya kulitazama jambo hilo kama la Wazungu peke yao. Utumwa ulikatazwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Picha nyingi za kifamilia za miongo iliyofuata zina mtu aliyesimama pembeni, kamshika mtoto au sinia, naye hatajwi. Anayeziorodhesha leo huandika majina ya waliokaa vitini, kisha anamalizia na "mtumishi". Huyo pia ana wajukuu, na huenda picha hiyo ndiyo pekee waliyonayo ya bibi yao, tena iko kwenye kabati la watu wengine. Mwenye albamu akidai kwamba picha ni ya ukoo wake, aulizwe ukoo huo unaishia kwenye kiti kipi.

Hapa stara inahitaji kuchungwa isigeuzwe kuwa pazia la kitu kingine. Familia zipo ambazo hazipendi ijulikane kwamba mama mzaa babu alikuwa suria, na zinaficha picha yake kwa jina la heshima. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kukimbilia Ujerumani alikoitwa Emily Ruete, hakuficha. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 alieleza waziwazi kwamba mama yake alikuwa suria kutoka kwa Wacherkesi. Mama huyo hakupungua heshima kwa kutajwa. Stara ni haki ya yule aliyepigwa picha: mwili wake, nywele zake, faragha aliyoitaka akiwa hai. Haikuwekwa ili waliobaki wasionekane wametoka kwa nani. Anayemfunika bibi nywele anamtendea wema. Lakini anayelifuta jina lake kwa kuwa alinunuliwa sokoni anamwonea mara ya pili.

Na kuna mahali ambapo kufunika kungekuwa dhuluma tupu. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, nyumba zilichomwa pamoja na kila kilichokuwamo, zikiwamo albamu, na wapo manusura wasio na hata picha moja ya wazazi wao. Kumbukumbu ya Gisozi jijini Kigali, iliyofunguliwa 2004, ina chumba chenye picha za waliouawa zilizotolewa na familia zao: picha za harusi, za ubatizo, za shule, watu wakicheka. Mwaka 2010 ikazinduliwa hifadhi ya kidijitali ya mauaji hayo. Familia iliyotoa picha yake pekee iwekwe mbele ya macho ya dunia haikumwondolea marehemu stara. Wauaji walitaka ionekane kwamba watu hao hawakuwapo, na picha inawakanusha. Kwa hiyo kanuni ya kufunika kila kitu haisimami, sawa na kanuni ya kufungua kila kitu.

Kinachosimama ni kufungua kwa ngazi, na wapo waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Wawarumungu wa Tennant Creek, kaskazini mwa Australia, wana desturi kali kuhusu sura za waliofariki. Hata televisheni za nchi hiyo huwaonya watazamaji wenyeji kabla ya kurusha sauti au sura za wafu. Mwaka 2007, wakishirikiana na mwanaanthropolojia Kim Christen, walijenga hifadhi ya kidijitali iitwayo Mukurtu, ambamo kila picha ina masharti yake: hii waione wanawake tu, hii jamaa wa karibu, hii ifungwe kwanza kwa kuwa mwenyewe amefariki karibuni, hii iko wazi kwa wote. Programu hiyo sasa hutolewa bure na hutumiwa na jamii nyingine duniani. Wawarumungu hawakulazimika kuchagua kati ya sanduku la bati na ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima. Wanawake wa pwani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwanyang'anya wageni simu mlangoni mwa sherehe za harusi za ndani, hawahitaji kufundishwa wazo hilo. Kilichobaki ni kulihamishia kwenye hifadhi ya ukoo.

Ngazi hizo zina umuhimu mpya kwa sababu picha iliyo wazi leo haitazamwi tu. Mwezi Februari 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa programu inayozifanya nyuso za picha za zamani zigeuze shingo, zipepese macho na kutabasamu, na watu kwa mamilioni wakawajaribishia wazazi wao waliokufa. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba haikuweka sauti kwa kuogopa matumizi mabaya. Tangu hapo teknolojia imekwenda mbele, na sauti si tatizo tena. Wapo waliolia kwa furaha kumwona baba akitabasamu. Lakini Mufti al-Muti'i alitetea kamera kwa hoja kwamba inazuia kivuli kilichokuwapo. Tabasamu ambalo marehemu hakulitabasamu ni kivuli cha nani? Hoja iliyoiruhusu picha haifiki hapo, na Mwislamu anayeishikilia afanye subira kabla ya kumtia bibi yake mwendo ambao hakuwa nao.

Basi wenye kasha la picha nyumbani waanze na wazee, mtandao ufuate baadaye. Wakae na shangazi na ami wakati bado wanaona vizuri, wageuze kila picha, waandike kwa penseli laini upande wa nyuma jina la kila aliyemo, hata yule wa pembeni, na aliyepewa picha hiyo kwanza. Waskani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, na nakala zikae zaidi ya mahali pamoja. Kisha waulize kwa kila picha ni nani angeruhusiwa kuiona siku ilipotoka studio, na mduara huo ndio uwe ngazi yake ya kwanza: ya wanawake kwa wanawake, ya ukoo kwa ukoo, ya wote kwa wote. Anayetaka kuipandisha ngazi aombe idhini kwa walio karibu zaidi na marehemu. Na ambayo hakuna wa kuitolea idhini, ihifadhiwe na isisambazwe.